Kuandaa Ibada ya Jumapili ya Hukumu: Mwongozo kwa Mwinjilisti na Mhubiri Mlei

Kila mwaka, kati ya tarehe 13 na 19 Novemba, kalenda ya kanisa hufika Jumapili ya pili kutoka mwisho, ndiyo Jumapili ya Hukumu, na wiki moja baadaye mwaka wa kanisa hufungwa ili Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, yaanze. Masomo ya siku hizo huzungumzia kifo, hukumu na uzima wa milele. Sisi Walutheri wa Tanzania tumeurithi msimu huu kutoka Ujerumani, ambako Mfalme Friedrich Wilhelm III wa Prussia aliagiza mwaka 1816 kwamba Jumapili ya mwisho ya mwaka wa kanisa iwe ya kuwakumbuka waliofariki, na wamisionari wa Berlin walioingia Unyakyusa mwaka 1891 walitoka katika nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo hukumu na makaburi vimekaa jirani katika kalenda yetu kwa muda mrefu, na mhubiri asiyelikumbuka jambo hilo anaweza kuumiza watu bila kukusudia.

Ninamwandikia mwinjilisti au mzee wa kanisa ambaye mchungaji wake ana mitaa, yaani matawi ya usharika, minne au mitano ya kuzungukia, na ambaye amepigiwa simu Jumapili jioni akaambiwa, "Wiki ijayo zamu ni yako, somo ni hukumu ya mwisho." Nimepanga hatua kwa kufuata siku za wiki, kwa sababu ibada ya namna hii haiandaliwi Jumamosi usiku. Masomo yanaweza kutofautiana mwaka hadi mwaka, basi yaangalie katika kalenda yako. Mimi nitatumia Mathayo 25:31-46, yaani habari ya kondoo na mbuzi, kwa kuwa ndiyo inayojulikana zaidi na ndiyo inayopotoshwa zaidi.

Jumatatu: soma, usiandike

Siku ya kwanza weka kalamu pembeni. Soma mistari hiyo 16 kwa sauti, mara mbili, kama vile hujawahi kuisikia, kisha umpe mtu mwingine nyumbani akusomee huku ukisikiliza. Utagundua mambo ambayo macho yaliyozoea huyaruka.

La kwanza ni kwamba orodha ya njaa, kiu, ugeni, uchi, ugonjwa na kifungo inarudiwa mara nne katika kipande kifupi hivyo. Mfalme anaitaja kwa wenye haki, wenye haki wanairudia kwa mshangao, Mfalme anaitaja tena kwa walio mkono wa kushoto, nao wanairudia kwa mshangao vilevile. Msimuliaji hodari hachoshi wasikilizaji wake kwa kurudia bure. Ukirudia jambo mara nne unataka mtu atoke kanisani akiwa amelishika kwa moyo, hata kama amesahau mengine yote.

La pili ni huo mshangao wenyewe. Pande zote mbili zinauliza, "Ni lini tulipokuona?" Waliofanya mema hawakujua kwamba waliyemfanyia ni Mfalme, na walioacha kuyafanya hawakujua pia. Hakuna hata mmoja aliyefika mbele ya kiti akiwa na daftari la hesabu zake mkononi.

La tatu ni tofauti ndogo kati ya mstari wa 34 na wa 41. Ufalme umewekwa tayari kwa ajili ya watu tangu kuumbwa ulimwengu. Moto, kwa upande wake, umewekwa tayari kwa ajili ya Ibilisi na malaika zake. Mwanadamu hakutengenezewa moto. Mhubiri anayezungumza kana kwamba Mungu aliujenga mji wa mateso kwanza, halafu akatafuta wakazi, hajausoma mstari huo.

Na la nne, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote, liko nje ya somo, katika mistari miwili inayofuata. Mara Yesu anapomaliza maneno hayo anawaambia wanafunzi wake kwamba baada ya siku mbili itakuwa Pasaka, naye atatolewa asulibiwe. Huyu anayesimulia juu ya kiti cha utukufu atasimama mwenyewe kizimbani wiki hiyo hiyo, mbele ya Kayafa na mbele ya Pilato, na hukumu atakayopewa itakuwa ya uonevu. Lishike jambo hili mpaka siku ya Jumapili.

Neno moja kuhusu mbuzi. Wahubiri wa mijini huwasema vibaya sana wanyama hawa, lakini anayefuga anajua kwamba mbuzi hutoa maziwa, hulipa mahari na huletwa mnadani baada ya ibada, na hata mwanakondoo wa Pasaka, kwa mujibu wa Kutoka 12:5, aliweza kutwaliwa katika kondoo au katika mbuzi. Kondoo na mbuzi huchungwa pamoja mchana kutwa. Kondoo wetu wengi wa asili hawana sufu, na kwa mbali huwezi kumtofautisha na mbuzi mpaka utazame mkia, kwani wa mbuzi husimama na wa kondoo huning'inia. Somo linasema kwamba mchungaji ndiye ajuaye kuwatenga, na kwamba kazi hiyo hufanywa mwisho wa siku. Halisemi kwamba sisi tuliomo kundini tunaweza kuwatambua mbuzi wakati wa malisho.

Jumanne: lifanyie kazi neno "hukumu"

Neno hili ni mtego katika Kiswahili chetu, na ni lazima uushughulikie kabla ya kuandika mahubiri. Mtu akikuambia, "Fulani amehukumiwa," hutamuuliza kama ameshinda kesi, utamuuliza, "Miaka mingapi?" Masikioni mwa watu wengi hukumu ni adhabu tu. Kwa hiyo ukisimama na kutangaza kwamba Mungu atahukumu ulimwengu, nusu ya kanisa imekwisha kusikia kwamba Mungu ataadhibu ulimwengu, na hutawarudisha tena kwa urahisi.

Biblia yenyewe inalitumia neno hili kwa upana zaidi. Nabii Amosi anataka hukumu itelemke kama maji, na hakuna mwenye akili timamu angeomba adhabu itiririke kama mto kijijini kwake. Anachokiomba ni haki kwa maskini waliokuwa wakiuzwa kwa bei ya jozi ya viatu. Debora aliketi chini ya mtende kati ya Rama na Betheli, na wana wa Israeli wakamwendea wenyewe, kwa miguu yao, ili awaamue. Zaburi ya 96 inasema miti ya msituni itaimba kwa furaha kwa sababu Bwana anakuja kuihukumu nchi. Miti haiwezi kufurahia kukatwa. Inafurahi kwa sababu anakuja mwenye kuweka mambo sawa.

Kiswahili kina neno jingine linaloweza kukusaidia, nalo ni kuamua. Ukikuta watu wawili wanapigana njiani unawaamua, yaani unawatenganisha ili wasiuane, kisha unasikiliza kila upande. Ndiyo maana kitabu cha akina Debora na Gideoni kinaitwa Waamuzi, na wengi wa watu hao walikuwa waokoaji kabla ya kuwa watoa adhabu. Jaribu, katika mahubiri yako, kutumia maneno yote mawili, ukieleza kwa sentensi chache tu kwamba kuhukumu kwa Mungu ni kuamua kati ya mwonevu na mwonewa, kuweka wazi kilichofichwa, na kumpa kila mtu haki aliyonyimwa.

Kisha fikiria ni nani atakayekuwa amekaa kwenye mabenchi. Yuko mjane ambaye shemeji zake walisogeza mpaka wa shamba wiki tatu baada ya mazishi, naye amekwenda baraza la ardhi la kata mara nyingi kiasi kwamba anajua jina la kila mlinzi. Yuko kijana aliyedhulumiwa mshahara. Kwa watu hawa, habari kwamba yupo hakimu asiyepokea kitu chini ya meza ni Injili kamili, na ukiihubiri hukumu kama tisho pekee umewanyang'anya habari njema iliyokuwa yao.

Lakini usiende upande wa pili mpaka ukaondoa makali yote. Shemeji aliyesogeza mpaka naye huenda amekaa benchi la mbele, na huenda ni mzee wa kanisa. Petro anaandika kwamba wakati umefika wa hukumu kuanza katika nyumba ya Mungu, si kilabuni.

Jumatano: andika sentensi moja, halafu mahubiri

Kabla ya kuandika lolote lingine, andika sentensi moja ambayo ungependa bibi wa miaka 80 aende nayo nyumbani. Ukishindwa kuiandika, hujawa tayari. Yangu, baada ya miaka mingi ya kuhangaika na somo hili, imebaki ile ile: anayekaa kwenye kiti cha hukumu ni yule aliyesulibiwa kwa ajili yetu, wala hakuna mwingine. Yohana 5:22 inasema Baba amempa Mwana hukumu yote. Mstari wa 24 unasema alisikiaye neno lake na kumwamini aliyempeleka amepita kutoka mautini na kuingia uzimani. Na Paulo, katika Warumi 8:34, anaeleza kwamba Kristo aliyekufa na kufufuka ndiye pia anayetuombea. Hakimu akiwa ndiye wakili wako, katika mahakama ya mwanzo watu wangelalamika kwamba kuna upendeleo. Ndivyo ulivyo, na kanisa limeuita neema.

Martin Luther alieleza jinsi alivyomwogopa Kristo katika ujana wake, kwa kuwa alizoea kumwona amechorwa ameketi juu ya upinde wa mvua kama hakimu mwenye hasira. Uzeeni alimwandikia mkewe akiitamani siku ya mwisho na kuiita mpendwa. Siku ilikuwa ile ile. Alichokuwa amejifunza ni nani anayekuja siku hiyo. Ukiwa na nafasi, tumia habari hiyo, kwani waumini wetu wengi wamebaki kwenye upinde wa mvua.

Sasa linakuja swali ambalo mwanafunzi mwerevu wa kipaimara atakuuliza, na usilikwepe. Kanisa letu linafundisha kwamba tunahesabiwa haki kwa imani. Mbona Mfalme katika Mathayo 25 haulizi habari za imani, bali anauliza habari za chakula na maji? Jibu langu, ambalo unaweza kulipima, ni hili. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, yaani tamko la imani la Walutheri, ambalo limesimamia kuhesabiwa haki kwa imani, linakiri pia, katika kifungu cha 17, kwamba Kristo atarudi kuhukumu; waandishi wake hawakuona mgongano. Matendo katika somo hili ni tunda, na mti haujihesabii matunda. Wale wa kuume hawakumlisha mwenye njaa ili wapate kitu. Walimlisha kwa sababu alikuwa na njaa, na wakasahau. Anayekaa na orodha ya wema wake bado hajaamini, na anayesema ameamini huku akimpita mgonjwa mlangoni anayo ile imani ambayo Yakobo anaiita mfu. Waonye wote wawili katika ibada hiyo hiyo, kwa sauti ile ile.

Kwa urefu, dakika 20 zinatosha. Ninajua wapo wanaohubiri kwa saa nzima, na wapo wanaowapongeza. Katika miaka yangu ya mwanzo nilihubiri somo hili kwa dakika 50 katika mtaa mmoja wa milimani, nikawachoma kwa moto walevi wote wa eneo lile, ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwamo kanisani. Waliokuwamo ni kina mama wazee, watoto, na baba mmoja aliyekuwa amemzika mkewe siku ya Alhamisi. Baada ya ibada alinisubiri nje, akavua kofia, akaniuliza kama mke wake, aliyefariki kabla ya kupatana na dada yake, alikuwa motoni. Sikuwa na jibu, kwa sababu mahubiri yangu yalikuwa yamekwisha kumjibu. Tangu siku hiyo kanuni yangu ni kuhubiri kwa waliopo, na kuuliza kwanza ni nani aliyezika mwezi huo.

Mambo matatu ya kutofanya kabisa

Usitaje tarehe. Marko 13:32 inasema siku ile haijulikani hata na malaika mbinguni, na historia imewaaibisha wote waliojaribu: wafuasi wa William Miller huko Marekani waliokesha tarehe 22 Oktoba 1844, na wale wa Harold Camping waliotangaza tarehe 21 Mei 2011, wote waliamka kesho yake wakakuta jua limechomoza. Kwetu Afrika Mashariki aibu haikuwa jambo kubwa kuliko yote. Kanungu nchini Uganda, mwezi Machi mwaka 2000, mamia ya watu walikufa katika kundi lililofundishwa kwamba mwisho umefika. Na katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge kula mpaka wakutane na Yesu. Kwa hiyo ukisikia katika mtaa wako mtu anatumia hukumu ya Mungu kuwaambia watu waache dawa, wauze mashamba au wawatoe watoto shuleni, usilichukulie kuwa ni tofauti ya mafundisho tu. Mwarifu mchungaji siku hiyo hiyo, na pale penye hatari ya uhai serikali ya kijiji nayo iarifiwe.

Usimhubiri mtu mmoja. Kila usharika una watu waliotengwa na Ushirika Mtakatifu kwa sababu za nidhamu, wakisubiri siku ya kurudi kundini, na kishawishi cha kuwageukia katika Jumapili hii ni kikubwa, hasa kwa binti aliyezaa nyumbani kwao, ambaye kila mtu anamjua, huku baba wa mtoto akiimba besi katika kwaya. Ukimtazama mtu usoni unapotaja dhambi, umekwisha kumhukumu mbele ya watu 200, na kiti ulichokikalia si chako.

Usitamke mahali walipo wafu. Paulo anaagiza tusihukumu neno kabla ya wakati wake, hata ajapo Bwana, na agizo hilo linahusu kumpeleka mtu mbinguni kwa pupa vilevile kama linavyohusu kumpeleka motoni.

Alhamisi: kaa na mwalimu wa kwaya

Nenda kwenye mazoezi mapema, kabla nyimbo hazijapangwa. Kwaya zetu zina hazina kubwa ya nyimbo za siku ya mwisho, nyingi zikiwa kali na zenye mdundo mzito, na zikiimbwa tatu mfululizo kabla ya mahubiri, mhubiri husimama mbele ya watu waliokwisha kutishwa au, jambo ambalo hutokea mara nyingi zaidi, waliokwisha kuburudika. Mwombe mwalimu aweke mmoja tu kabla ya mahubiri, na baada yake aweke wimbo wa rehema au wa ufufuo. Kama mtaa una kwaya kuu, ya vijana na ya kina mama, na kila moja inataka nyimbo mbili, zungumza mapema kuhusu muda, kwa upole, maana ugomvi wa kwaya umeharibu ibada nyingi kuliko mahubiri mabaya.

Siku hiyo hiyo wapatie wasomaji masomo yao na uwasikilize wakisoma. Somo la Mathayo linapendeza likisomwa na watu watatu, mmoja akiwa msimulizi, mwingine Mfalme, na wa tatu akisoma maneno ya pande zote mbili kwa sauti ile ile, ili kanisa lisikie jinsi mshangao wao unavyofanana.

Ijumaa: pitia liturjia, kwa maana imekwisha kuhubiri

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nami ningependa uipe muda mwingi kuliko zote. Mhubiri asiyejua liturjia, yaani utaratibu wa ibada, hudhani kwamba uzito wote wa hukumu uko mabegani mwake, na hivyo hupiga kelele. Kumbe ibada ya Jumapili, kuanzia wimbo wa kwanza hadi baraka, inasimama mbele ya kiti cha hukumu na kutoka salama.

Anza na maungamo. Kila Jumapili kanisa zima, akiwamo anayeongoza, linakiri hatia kabla ya kushtakiwa na mtu yeyote, na papo hapo linasikia tangazo la msamaha. Hiyo ni kesi iliyosikilizwa na kumalizika katika dakika tano, na watu wengi huipita wakiwa wanatafuta ukurasa. Jumapili hii acha kimya kirefu kidogo baada ya mwaliko wa kuungama, hata nusu dakika, na uwaambie mapema ili wasidhani umesahau maneno. Halafu linakuja "Bwana, uturehemu", ambalo ni kilio kile kile cha vipofu na wenye ukoma waliokuwa wakimpigia Yesu kelele njiani. Mwombe mpiga kinanda asilikimbize.

Katika Imani ya Mitume tunakiri kwamba Kristo atakuja kuwahukumu walio hai na wafu, na tunayakiri hayo mara tu baada ya kutaja kuteswa kwake, kufa kwake na kufufuka kwake. Mpangilio huo ni mafundisho tosha, kwa kuwa Imani haituruhusu kufika kwenye hukumu bila kupita msalabani. Unaweza kusimama kabla ya Imani na kusema sentensi moja tu juu ya jambo hilo, kisha uwaache watu waikiri.

Sala ya Bwana nayo ina ombi ambalo ni hukumu tunayojiombea wenyewe, tunapotaka tusamehewe kama sisi tunavyosamehe. Na iwapo mchungaji atakuwapo na Meza ya Bwana ikaandaliwa, kumbuka kwamba Paulo, katika 1 Wakorintho 11, anaunganisha meza hiyo na kujihoji, huku akiwakemea matajiri waliokula na kushiba wakati wenzao maskini wana njaa. Kosa la Korintho lilihusu sahani, sawa na kosa la walio mkono wa kushoto. Kama wewe huna daraja la uchungaji, Ushirika hautakuwapo, na maombi ya kanisa yanaweza kubeba uzito huo: waombee wagonjwa, wageni na wafungwa kwa kufuata mpangilio wa somo, na pale desturi ya mtaa inaporuhusu, yataje majina ya waliofariki katika mwaka huo, polepole, kengele ikigongwa mara moja kwa kila jina.

Walimu wa shule ya Jumapili wapewe neno lao pia. Watoto wa miaka sita wasichorewe moto. Wafundishwe kumpelekea mgonjwa maji, wapewe kikombe wakaigize, inatosha.

Jumamosi

Pitia mahubiri kwa sauti huku ukitazama saa, andaa kitambaa cha madhabahu kwa rangi iliyoandikwa katika kalenda, na kagua kipaza sauti. Novemba ni mwezi wa mvua za vuli katika sehemu nyingi za nchi, na mvua ikianza kupiga bati hakuna atakayekusikia, kwa hiyo uwe umeamua mapema kwamba ikinyesha sana mtaimba mpaka ipungue, wala hutashindana nayo.

Jumapili: mimbarini na baada ya hapo

Soma somo, kaa kimya kidogo, kisha anza na swali la pande zote mbili, "Ni lini tulipokuona?", kabla ya kueleza neno hukumu. Peleka onyo katikati ya mahubiri, lisemwe waziwazi na bila kuomba radhi, kwamba kuacha kutenda mema ni kosa linalotajwa mbele ya kiti, na kwamba walio mkono wa kushoto hawakushtakiwa kwa wizi wala uzinzi bali kwa kumpita mtu. Hitimisha kwa yule aliyesulibiwa. Ukiugeuza mpangilio huo, ukamaliza kwa tisho, watu watatoka wakiwa wamejishika wenyewe. Ukianza na faraja na kubaki hapo, watatoka kama walivyoingia.

Sadaka na mnada visiwe jambo la pembeni siku hiyo. Kubaliana na baraza la wazee mapema kwamba vitakavyoletwa, iwe mkungu wa ndizi, kuku au debe la mahindi, baadhi visinadiwe bali vipelekwe moja kwa moja kwa wagonjwa wa mtaa, na orodha ya nyumba hizo isomwe katika matangazo pamoja na majina ya watakaokwenda. Kama kuna gereza karibu, andika barua ya maombi kwa mkuu wa gereza wiki kadhaa kabla, kwa sababu huwezi kufika langoni siku hiyo na kudai kuingia kwa kuwa umetoka kuhubiri juu ya wafungwa.

Watu wakishatawanyika, usikimbilie chai ya wazee. Baki karibu na mlango kwa dakika 15. Atakuja mmoja, mara nyingi atasubiri mpaka wengine waondoke, naye atauliza habari za mtu aliyefariki: mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa, kaka aliyejinyonga, mume aliyekuwa mlevi mpaka siku ya mwisho. Usimjibu kwa mstari wa Biblia kabla hajamaliza kusema. Msikilize, muulize jina la marehemu, mwambie kwamba jina hilo liko mikononi mwa yule aliyeonyeshwa leo, na kwamba wewe hujapewa kiti chake. Omba naye pale pale kwa maneno machache. Kisha andika jina lake na mahali anapokaa, umpelekee mchungaji jioni hiyo, na Jumanne, baada ya kazi za shamba, muende wote wawili mkamtembelee.